Dakika Kumi Tu, Kisha Tuhame PostgreSQL?

Jumatano iliyopita, kikaoni hapa Westlands, Nairobi, kijana mmoja hodari sana ofisini kwetu alituonyesha jaribio la dakika kumi alilolifanya kwenye kompyuta yake, kulinganisha kanzidata mbili, yaani programu za kuhifadhi data: PostgreSQL tunayoitumia na MySQL. MySQL imeshinda, akasema, tuhame PostgreSQL kabla ya Desemba. Wakubwa wakaitikia. Mimi nilikasirika, na hadi leo sijapoa.

Mfumo wetu hufuatilia matatu 300 na kuwaonyesha abiria kwenye ramani zilipo. Kila gari hutuma mahali lilipo kila sekunde 5, na mstari wake kwenye jedwali hubadilishwa papo hapo. Mistari ni 300 tu, lakini mabadiliko ni 216,000 kwa saa. PostgreSQL ikibadilisha mstari huandika mpya na kuuacha wa zamani humohumo jedwalini, mpaka VACUUM, mfagizi wake wa ndani, ipite kuuzoa. Na VACUUM haizoi toleo la mstari ambalo huenda msomaji aliyeanza kabla bado analihitaji.

Sasa ile jioni ramani ilipoganda, abiria wa Githurai wakawa wanangojea gari lililokwisha kupita, nilikuta nini? Ripoti ya mwezi. Ilianza kusoma saa nne asubuhi, na saa kumi na moja jioni bado inasoma. Saa saba nzima hakuna kilichozolewa: mistari mifu zaidi ya milioni moja na nusu, imeizunguka mistari 300 iliyo hai, ramani ikakwama kuitafuta.

MySQL ingetuokoa? Hata! InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, hubadilisha mstari palepale na kuweka toleo la zamani kando, lakini nayo haiwezi kuyafuta matoleo hayo wakati msomaji wa tangu asubuhi hajaondoka. Rundo ni lilelile, limewekwa chumba kingine. Jaribio la dakika kumi lisilo na msomaji hata mmoja lingeyaonaje hayo?

Haya, nakubali: Uber, kampuni ya teksi za simu, walitoka PostgreSQL wakahamia MySQL, na mwaka 2016 walieleza kwa nini. Jedwali lenye faharasa nyingi (orodha za kutafutia mistari haraka) na mabadiliko yasiyokoma huielemea kweli PostgreSQL. Kila muunganisho wa programu na PostgreSQL kuwa na mchakato wake kwenye seva pia ni mzigo, ingawa PgBouncer, programu inayowafanya wengi washiriki miunganisho michache, huupunguza. MariaDB, kanzidata iliyotokana na MySQL, nayo hutumia InnoDB, kwa hiyo kwa hoja hii hainipi jipya.

Lakini kuna watu wamesimama kituoni usiku wakiiamini ramani yetu. Hatuwezi kuwaamulia kwa dakika kumi.

Nilimwambia yule kijana, mdogo wangu, njoo tulirudie jaribio pamoja: magari yote 300, ripoti ikiwa inasoma, kanzidata zote mbili, saa ishirini na nne. Tumeliwasha leo asubuhi.