Eti Kukimbia ni Bure

Aliyesema mazoezi ya kukimbia ni ya bure, huyo alikuwa anawakimbia wanaomdai. Sisi tunaokimbia kwa amri ya daktari hapa Dodoma, kila kiungo kinadai nguo yake, na kila nguo ina bei yake.

Tuanze na raba. Nenda mnada wa Msalato Jumamosi uone zilivyopangwa juu ya turubai, zimesuguliwa zikatakata kama mtoto wa kipaimara. "Bosi wangu, hii gredi A, imetoka Marekani!" Sawa, imetoka Marekani, lakini huko ilikimbia kilomita ngapi kabla ya kuja kwetu? Raba ya kukimbilia ina umri wake, kama kilomita 500 hadi 800 hivi. Baada ya hapo ile sponji ya ndani imeshakandamizika, goti lako ndilo linabaki kuwa sponji. Kwa hiyo mimi rangi sitazami. Naigeuza, nakagua kisigino kimelika upande gani, nabonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Nikikuta imekakamaa na ina mikunjo, naiweka chini.

"Mzee, unanunua raba au unanunua ng'ombe?"

Ng'ombe wako hapo hapo mnadani, wanafunuliwa midomo wanaangaliwa meno, na sijaona mwenye ng'ombe akinuna.

Halafu saizi. Raba inajaribiwa alasiri, mguu ukiwa umevimba na shughuli za kutwa, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Muuzaji yeye dawa yake ni moja: "Itatanuka tu hiyo." Haitanuki ng'o. Kitakachosogea ni ukucha wako, tena utasogea moja kwa moja.

Umeshalipa, sasa rudi nyumbani ukakutane na mbigili. Wanaosifia soli laini hawajawahi kukimbia njia za Nkuhungu kiangazi. Mbigili nayo inaipenda soli laini kuliko wewe. Ukiingia sebuleni unasikia kwenye marumaru ka, ka, ka, kama una njumu. Unakaa kwenye ndoo, mguu juu ya goti, unachokonoa kwa pini. Kichwa cha mbigili kinakatika, mwiba unabaki ndani, na kesho ukikanyaga jiwe ndipo unajitambulisha kwenye unyayo. Mimi siku hizi nachagua soli nene ya mpira mgumu chini, hata kama ni nzito. Uzito nitauzoea.

Jirani yangu hakubaliani. Tangu Alphonce Simbu wetu wa Singida achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo mwaka 2025, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03, jirani anataka raba nyepesi tu. "Shemeji, zile sekunde ziko kwenye kiatu!" Sekunde 0.03! Mimi hizo nazimaliza nikipandisha bukta.

Na nguo? Mwezi wa saba, alfajiri, upepo wa Dodoma unapita kwenye mifupa. Mama Neema ananikabidhi sweta na fulana nzito ya pamba. "Baba Neema, ukipata nimonia usinitafute." Namwelewa, ila mwili ukishapata moto sweta linakuwa tanuri, na pamba ikinywa jasho hairudishi. Inalowa, inakuwa nzito, halafu inaanza kusugua. Wanaume wenzangu mnajua inasugua wapi. Ukienda kuoga ukapiga yowe maji yalipogusa kifua, hiyo ndiyo pamba. Bora jezi nyepesi kama za mpira wa miguu, mafuta ya mgando kifuani na mapajani, uanze ukihisi baridi kidogo. Dakika kumi tu inakwisha.

Jua nalo halina huruma. Huu mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na miti yake yenye kivuli unaijua kwa majina. Kofia ya ukingo lazima, la sivyo utoke gizani. Na gizani kuna bodaboda wasiowasha taa kwa sababu wanaijua njia. Hapo ndipo unahitaji tochi ya kichwani na reflekta, na ukimbie upande wa kulia, magari ya upande huo yakija unayaona usoni. Magari yetu yanapita kushoto. Ukikimbia huko yatakukuta mgongoni.

Reflekta nimenunua. Juzi napita Area C nahema, mama mmoja na kikapu chake akanisimamisha: "Boda! Mpaka Majengo sokoni shilingi ngapi?" Nikamwambia mama, mimi nafanya mazoezi. Akanitazama raba, akanitazama reflekta, akauliza pikipiki nimeiacha wapi.

Sasa nimejiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani, angalau tuwe wengi. Mweka hazina kaniandikia kabla sijapiga hata hatua: jezi ya kikundi ni lazima, shilingi 25,000, haina punguzo. Nikauliza kitambaa gani.

"Usiwe na wasiwasi, kaka. Pamba tupu."

Nimelipa nusu.