Steelers wa Pittsburgh: nani alibebwa na timu, nani aliponzwa nayo?

Ken Riley alinyaka pasi 65 za wapinzani katika misimu 15 aliyoichezea Cincinnati Bengals. Mel Blount wa Pittsburgh Steelers alinyaka 57 katika misimu 14. Walicheza enzi moja, wote wakiwa mabeki wa pembeni, na timu zao zilikuwa kundi moja la NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo zilikutana kila msimu. Wote wawili walitoka katika vyuo vya watu weusi vya kusini mwa Marekani. Blount aliingia Ukumbi wa Umaarufu wa mpira wa Kimarekani, ulioko mji wa Canton, Ohio, mwaka 1989, mara tu sheria ilipomruhusu. Riley aliingia mwaka 2023, miaka mitatu baada ya kufariki.

Hesabu hizo mbili ndizo zinazowauma mashabiki wa timu nyingine wanapoitazama orodha ya Steelers. Kikosi cha miaka ya 1970, kilichotwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara nne ndani ya misimu sita, kimetoa wachezaji kumi walioko Canton: Joe Greene, Terry Bradshaw, Blount, Jack Ham, Franco Harris, Jack Lambert, Mike Webster, Lynn Swann, John Stallworth na Donnie Shell. Ongeza kocha Chuck Noll. Ongeza Art Rooney aliyeianzisha timu mwaka 1933, na mwanawe Dan. Ongeza Bill Nunn, msaka vipaji. Watu 14 kutoka timu moja ya zama moja.

Kwenye vijiwe vya soka kwetu tuna neno la kesi kama hii: kubebwa. Straika anafunga mabao 20 kwa sababu ya viungo walio nyuma yake, akihamia kwingine anapotea. Je, hawa nao walibebwa?

Anayesema ndiyo ana hoja. Bradshaw alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeupokea mpira na kuamua urushwe wapi. Katika maisha yake yote ya uchezaji alirusha pasi 212 zilizozaa tachidauni, yaani mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa adui na kupata pointi, na 210 zilizoangukia mikononi mwa adui. Karibu sawa kwa sawa. Miaka hiyohiyo, pale Cincinnati, Ken Anderson aliongoza ligi nzima kwa ubora wa pasi katika misimu minne, na mwaka 1981 akawa mchezaji bora wa ligi. Bradshaw aliingia Canton mwaka wake wa kwanza wa kustahiki. Anderson amesubiri zaidi ya miaka 30. Tofauti inayoonekana kwa macho ni pete za ubingwa: mmoja alipata nne, mwingine hakupata hata moja akiwa mchezaji.

Swann naye. Pasi alizodaka katika misimu tisa ya kawaida ni 336 tu, wakati Stallworth, aliyecheza upande wa pili wa uwanja uleule, alidaka 537. Hata hivyo Swann ndiye aliyetangulia kuingia, mwaka 2001, Stallworth akafuata 2002. Ukiuliza kwa nini, utaonyeshwa Super Bowl ya kumi, ambapo Swann alidaka pasi nne tu lakini zikala yadi 161, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Siku moja ikawa nzito kuliko misimu. Nakiri kwamba kwa Swann nashindwa kuikataa hoja ya wapinzani. Asingekuwa Pittsburgh, sidhani kama jina lake lingekaa mezani miaka yote ile.

Lakini hoja ya kubebwa inasahau swali la kwanza kabisa: hiyo timu iliyowabeba ilitoka wapi? Steelers ambao Joe Greene aliwakuta mwaka 1969 walikuwa mzigo. Tangu kuanzishwa kwao walikuwa wamecheza mechi moja tu ya mtoano, mwaka 1947, wakalala 21–0. Noll alipokabidhiwa timu, msimu wake wa kwanza alishinda mechi moja akapoteza 13. Bradshaw mwenyewe alifika Pittsburgh kwa sababu ya ubovu huo: Steelers na Chicago Bears walimaliza mkiani wakiwa sawa, ikarushwa sarafu kuamua nani achague kijana wa kwanza kutoka vyuoni, Steelers wakashinda. Ushindi wao wa kwanza kabisa wa mtoano ulipatikana tarehe 23 Desemba 1972, timu ikiwa na umri wa takriban miaka 40. Greene hakubebwa na mtu. Yeye na Noll ndio waliochimba msingi.

Blount pia, ingawa nilianza kwa kumweka kwenye mizani na Riley, ana jambo ambalo hesabu ya kunyaka pasi haiwezi kulionyesha. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na aliwakaba wadakaji kwa mikono kuanzia mstari wa mwanzo hadi mwisho wa mbio zao. Mwaka 1978 ligi ilibadilisha sheria: kumgusa mdakaji kukaruhusiwa ndani ya yadi tano za mwanzo tu. Watu wa mpira wakaibatiza sheria ya Mel Blount. Mchezo wote wa kurusha unaoonekana leo kwenye televisheni, na rekodi zote mpya za makwotabeki, umesimama juu ya badiliko hilo. Mtu aliyesababisha ligi iandike upya kanuni zake anastahili nafasi, na angestahili hata kama angecheza kwa timu iliyoshika mkia.

Bradshaw ana utetezi wake. Katika Super Bowl zote nne alirusha tachidauni tisa na kunyakwa mara nne, na mbili za mwisho akawa mchezaji bora wa mchezo. Zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyekuwa akichagua mbinu uwanjani, kazi ambayo siku hizi hufanywa na kocha kwa redio ndani ya kofia. Bado naona Anderson ameonewa, ila sioni kwamba haki ya Anderson inapatikana kwa kumvua Bradshaw koti la dhahabu wanalovishwa walioingia ukumbini.

Halafu kuna mwaka 1974. Siku ya kuchagua vijana kutoka vyuoni, Steelers waliwachukua Swann, Lambert, Stallworth na Webster, na wote wanne wakaishia Canton. Baada ya hapo wakamsajili Donnie Shell, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote, na mwaka 2020 naye akaingia. Anayesema ni bahati hajamsikia Bill Nunn. Alikuwa mhariri wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, na kila mwaka alichapisha kikosi bora cha vyuo vya weusi ambavyo timu nyingi zilikuwa zikivipitia juujuu. Steelers wakamchukua. Alipokwenda chuo cha Alabama A&M pamoja na wasaka vipaji wa timu nyingine kumpima Stallworth, uwanja ulikuwa umelowa na kijana akakimbia taratibu. Wenzake wakaandika muda ule, wakafunga safari. Nunn akasema anajisikia vibaya, akabaki. Kesho yake akamkimbiza tena Stallworth pahali pakavu, saa mkononi, akaondoka na muda ambao timu nyingine hazikuwa nao. Mwaka 2021 Nunn akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia ukumbini kwa mchango wa nje ya uwanja, miaka saba baada ya kifo chake. Kwa hiyo wingi wa Steelers pale Canton una maelezo yake: kulikuwa na mtu aliyekwenda kutazama mahali ambapo wengine walipita mbio.

Kama mambo yangeishia hapo, ningefunga kesi kwa faida ya Steelers. Tatizo ni L.C. Greenwood.

Safu ya mbele ya ulinzi iliyoitwa Pazia la Chuma ilikuwa na watu wanne: Greene, Greenwood, Dwight White na Ernie Holmes. Greenwood alichaguliwa raundi ya 10 mwaka 1969 kutoka Arkansas AM&N, chuo kingine cha weusi. Mara sita aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfikia kwotabeki na kumwangusha, lakini ligi ilianza kuhesabu rasmi maangusho hayo mwaka 1982, yeye akiwa ameshamaliza. Kitabu rasmi hakina namba yake. Wakati wa uhai wake alifika hatua ya mwisho ya kura mara sita na kurudishwa mara sita. Alifariki Septemba 2013 bila kulivaa koti la rangi ya dhahabu.

Sababu iliyosemwa miaka yote hiyo ni kwamba Steelers wameshatosha. Maneno hayohayo aliambiwa Jerry Kramer wa Green Bay Packers, mchezaji wa safu ya mbele ya mashambulizi aliyestaafu baada ya msimu wa 1968 na kuingia mwaka 2018, kwa kuwa wenzake wa enzi ya kocha Vince Lombardi walikuwa wamejaa ukumbini.

Hapo ndipo naona pande zote mbili za ubishi huu zinakosea kosa moja. Timu ilimsukuma Swann mbele, timu ilimzuia Greenwood mlangoni, na timu ilimfanya Riley asionekane, kwa sababu Bengals hawakuwa na ubingwa wa kumulika watu wao. Riley hakuitwa hata mara moja kwenye mechi ya nyota. Katika kesi zote tatu mpiga kura alitazama jezi kabla ya kumtazama mtu aliyeivaa.

Utaratibu wenyewe unasaidia kosa hilo. Kamati ina wapiga kura takriban 50, wengi wao waandishi wa michezo, na mtu anahitaji asilimia 80 ya kura. Tangu kundi la walioingia mwaka 2025, wachezaji watatu wa zamani, kocha mmoja na mdau mmoja wanawekwa chungu kimoja, na kila mpiga kura anachagua watatu tu. Mwaka ule alipita mmoja kati ya watano. Ralph Hay, ambaye ligi ilizaliwa mwaka 1920 katika duka lake la magari hapohapo Canton, aliachwa. Mchezaji wa miaka ya 1970 anashindanishwa na kocha wa miaka ya 1990, kazi mbili zisizopimika kwa kibaba kimoja. Mtu akibanwa hivyo hukimbilia sababu rahisi, na hakuna rahisi kuliko kusema timu yake ina wengi. Wanaotetea utaratibu wanasema mlango mpana utaishusha hadhi ya ukumbi. Nawaelewa, lakini ubana wa mlango haukumzuia Swann.

Na kusubiri si jambo dogo kwa watu wa mchezo huu. Webster, senta aliyecheza miaka 15 Pittsburgh akigongana kichwa kwa kichwa kila mchezo unapoanza, aliingia Canton 1997 na kufa 2002 akiwa na miaka 50. Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, ndiye aliyeuchunguza ubongo wake na kukuta uharibifu ambao haukuwahi kuthibitishwa kwa mchezaji wa ligi hiyo. White na Holmes walifariki wote mwaka 2008. Greenwood alipofuata, katika wanne wa Pazia la Chuma alibaki Greene peke yake, na kati ya hao wanne ni yeye tu aliyekuwa na sanamu ya shaba Canton.

Steelers wenyewe walipoanzisha orodha yao ya heshima mwaka 2017, Greenwood alikuwemo katika kundi la kwanza. Mtu wa nje anayetaka kumpima afungue mkanda wa tarehe 12 Januari 1975, Super Bowl ya tisa, New Orleans. Minnesota Vikings walikimbia na mpira kwa jumla ya yadi 17 tu siku ile. Fran Tarkenton, kwotabeki wao, anaurudisha mkono nyuma arushe, na kutoka pembeni unatokea mkono wa mtu wa futi sita na nusu aliyevaa viatu vya dhahabu, unaupiga mpira chini. Tarkenton anajaribu tena baadaye, mkono uleule upo. Mara ya tatu, upo tena.