Udumavu Sebuleni

Majani kumi na moja ya mti yamedondoka. Nimeyahesabu asubuhi hii nikiwa na soksi mbili mbili miguuni na mswaki mdomoni, nimepiga magoti kama mtu anayetubu. Jana yalikuwa saba, juzi manne. Kwa mwendo huu, Jumapili bosi akipiga simu ya video nitamwonyesha kijiti, nimwambie ndiyo mtindo wa sasa huko Japani.

Mnaoijua baridi ya Kihesa, hapa Iringa mjini, mwezi wa saba sina haja ya kuwaeleza. Asiyeijua aendelee kukaa Dar na feni yake.

Mti wenyewe si wangu. Bosi alipohamishiwa Dodoma alitugawia vitu vyake. Mhasibu akapata friji. Dereva akapata godoro la sita kwa sita, upande mmoja bado lina nailoni. Mimi, mtunza stoo wa miaka tisa, nikaitwa pembeni, nikashikwa bega: "Wewe ndiye mtu mwenye subira hapa. Nakuachia bonsai." Nikasema ahsante sana bosi, huku moyoni nikidhani ni aina ya redio.

Kumbe bonsai kwa Kijapani ni kitu kilichopandwa kwenye sinia. Sinia! Kwetu sinia likitoka kabatini watu wananawa mikono. Hawa wenzetu wanachukua mti wenye haki zake zote za kuwa mkubwa, wanaukata mizizi, wanaukata ncha, wanaufunga waya ili matawi yapinde, halafu wanakaa chini kuubembeleza usife. Najua mtasema hata mwanzi tunaugema asubuhi na jioni. Sawa, lakini mwanzi ukiugema unakupa ulanzi, pombe yetu. Huu ukiukata unatoa utomvu mweupe wa kunata, na ule ulionipaka kwenye shati la kazini upo hadi leo.

Bosi naye hachoki kunitia moyo. Alinitumia picha ya msonobari mmoja ulioko kwenye makumbusho huko Washington, Marekani, bonsai tangu 1625. Mwaka 1945 ulikuwa Hiroshima, bomu likaanguka kama kilomita tatu kutoka hapo, mti ukabaki umesimama. Mwaka 1976 Wajapani wakawapa Wamarekani kama zawadi. Chini ya picha bosi kaandika, "Umeona? Ukitunzwa unadumu."

Bomu la atomiki, sawa. Je, uliwahi kulala Kihesa karibu na dirisha ambalo kioo kimoja kilivunjika na mwenye nyumba akaziba na boksi la sabuni? Halafu ule ni msonobari. Msonobari ni mti wa baridi, ndiyo maana msitu wa Sao Hill umejaa misonobari hekta kwa hekta na hakuna hata mmoja unaoomba blanketi. Huu wangu ni fikasi, ukoo mmoja na ile mikuyu ya Ruaha, watu wa joto. Chini ya nyuzi 15 unanuna. Usiku hapa ni 11, 12, na mimi mwenyewe nanuna, ila mimi siangushi kitu.

Tena haupendi kuhamishwa. Ukiusogeza tu unapukutisha majani kwa hasira. Sebule yangu ina dirisha moja, hilo hilo la boksi. Asubuhi nauweka dirishani upate mwanga, jioni nauondoa usipigwe na baridi, kwa hiyo kila siku unahama mara mbili. Mimi nimehama nyumba tatu katika miaka miwili na hakuna aliyenihesabia majani.

Habari ya udongo nitaipitia haraka kwa sababu inanitia aibu. Bosi aliniambia udongo uwe wa changarawe, maji yapite, maana mizizi ikikaa kwenye tope inaoza; kinachofaa ni yale mawe mepesi ya volkano. Nikakumbuka mawe ya kusugulia miguu, na upande wa Rungwe yapo tele. Nikaenda sokoni, nikanunua manne kwa mpigo. Mama muuzaji akaniangalia viatu, akaniuliza kwa huruma, "Kaka yangu, miguu imekuwaje?"

Sasa njooni Jumanne.

Jumanne alikuja mama mhudumu wa afya wa mtaa wetu, yule anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba wa bluu na daftari lililochakaa pembe. Mtu wa heshima sana. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akakaa, akampima mtoto mkono kwa ule mkanda wa rangi tatu. Kijani. Tukafurahi. Akawa anaandika, mara macho yake yakatua dirishani.

"Na huyu?"

"Huo ni mti, mama."

"Nauona. Una muda gani?"

Hapa ndipo nilipojiponza. Ningesema wiki mbili, tungekunywa chai tukaagana. Lakini mtu akiulizwa kitu cha thamani nyumbani kwake kifua hupanda chenyewe. "Miaka kumi na miwili," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Baba Faraja. Miaka kumi na miwili?"

"Ndiyo, mama."

"Na urefu ndio huo?"

"Sentimita 31," nikajibu, kama mtu anayesomewa cheti chake mbele ya wazazi.

Akavua miwani. Anayeishi Iringa anajua tumesemwa kiasi gani. Utafiti wa 2022 ulikuta watoto wetu waliodumaa ni kama asilimia 57, wakati nchi nzima ni 30. Yaani sisi tunaolisha wengine mahindi, viazi, maharage na parachichi ndio wa kwanza kwa kudumaa. Hakuna mkutano usioanza na hilo. Ukienda harusini, mshereheshaji anakukumbusha.

"Sisi tunahangaika jua na mvua kuupiga vita udumavu," akasema polepole, "wewe umeuweka sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma."

"Mama, hii ni sanaa. Wajapani..."

"Wajapani ndio waliokuambia uunyime chakula?"

"Unakula mama! Unapewa mbolea."

"Mara ngapi?"

"Kipindi hiki cha baridi, kidogo. Mara moja kwa mwezi."

"Kidogo," akarudia, na akaandika. Naapa aliandika, niliona kalamu ikitembea.

Akainuka. Akauchukua ule mkanda wa mtoto, akauzungusha kwenye shina, akapitisha ncha kwenye tundu, akavuta taratibu bila kubana, kama wanavyofundishwa, halafu akainamisha kichwa asome. Sentimita sita na nusu. Nyekundu. Si nyekundu ya mpakani, ni nyekundu ya katikati kabisa.

"Mkanda huu unaonyesha ukondefu," akanieleza kwa upole wa kuua. "Udumavu tunaangalia urefu kwa umri. Kwa hiyo huyu ana vyote viwili. Siku elfu moja za mwanzo alikuwa kwa nani?"

"Kwa bosi."

Akaguna. Mlangoni mke wangu alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikamtazama kumwomba msaada. Akaitoa kanga mdomoni, akasema, "Mama, hujaambiwa bado. Usiku anaufunika kwa shuka la mtoto."

Ni la zamani! Shuka lenyewe ni la zamani, lina tundu, nilitaka kulieleza hilo. Nikasimama, nikaweka shati sawa. "Mama, kwa heshima zote, mimi ni mtu mzima. Ni mtunza stoo, ni mjumbe wa kamati ya shule, sijawahi kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa kwa kosa lolote..."

Jani likadondoka.

Tuliliangalia wote watatu, kutoka tawini, likayumba kushoto, likayumba kulia, mpaka sakafuni. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto akaliokota akataka kulila.

Wakati wa kutoka yule mama alinipangia kliniki. Alhamisi, saa tatu. Mke wangu anasema ni utani. Mimi nimemfahamu mama yule miaka minne na sijawahi kumsikia akitania. Leo ndiyo Alhamisi.

Na mniache niseme. Mimi sikuomba mti. Niliomba, kwa barua, mara mbili, kupandishwa daraja. Miaka tisa niko stoo ile ile, kila nikianza kuchipua inakuja taarifa kwamba bajeti imekatwa, na anayeletwa juu yangu ni kijana niliyemfundisha mimi kujaza leja. Halafu naambiwa nina subira! Basi, niishie hapo, nisije nikaandikiwa barua.

Asubuhi hii baada ya kuhesabu nimekwangua gome kwa ukucha, kidogo tu, karibu na waya. Chini yake kuna kijani, chembamba kama uzi. Yaani haujafa. Unanikomoa.

Mke wangu akashauri jioni tuingize jiko la mkaa sebuleni. Nikakataa katakata, nikamwambia mti utakauka, na hewa ya mkaa inaua watu usingizini. Akauliza kwa nini mti umetajwa kwanza. Sasa hilo nalo ni swali?

Na mkaa wenyewe! Jamani, yule kijana wa mkaa pale kona amelibonyeza debe lake kitako, kimeingia ndani mpaka kimefanya mlima, mtu unaweza kupanda ukachomeka Mwenge. Nimemuuliza, ananijibu debe liliumia safarini. Debe! Sasa hivi natoka na debe langu, lenye kitako bapa, tukapimiane mbele za watu. Bosi akipiga kabla sijarudi, mwambieni nimempeleka mgonjwa kliniki.