Tela la Shemeji

Jamani, leo nimepitwa na baiskeli. Phoenix, magunia mawili ya mkaa nyuma, na mwenyewe kapachika sigara mdomoni. Hapo Pongwe njia ya Muheza, barabara inapanda kidogo tu, mwenye gari zima hata hajui kama kuna kilima. Mimi najua. Toyota TownAce yangu ya injini ya 5K, cc 1,486, ikikokota tela haisahau hata kichuguu. Gia namba mbili, mshale wa joto unapanda kuliko gari, nami nimefungulia hita mpaka mwisho ili injini isichemke. Hita. Tanga. Mwezi wa pili.

Tela lenyewe ni la kulala, shemeji kalishusha kutoka Ujerumani. Lina sinki. Mimi kwangu sina sinki. Madumu ya maji kayapanga yote nyuma ya ekseli, basi linayumba, linanyanyua matako ya gari, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi mpaka unasoma dua. Trafiki kaniuliza kibali cha kuuza chipsi.

Yote tisa, kumi ni kurudi rivasi. Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, mbele ya baraza la kahawa. Tela ukitaka lielekee kulia, usukani unaanza kuukata kushoto. Baraza zima halijui hilo, na baraza zima lina ushauri.

“Kata kulia, baba!”

Nakata kushoto.

“Huyu kiziwi?”

Mzee mmoja kaweka kikombe chini, kaja dirishani taratibu. “Mwanangu, kulia ni mkono huu wa kulia wali.”

“Shikamoo mzee. Tela linakwenda kinyume.”

“Marahaba. Sasa dereva nani, wewe au lenyewe?”

Nyuma kuna kijana wa “njoo, njoo, njoo”, kila mtaa unaye. “Basi” kaitamka tela likiwa limeshakaa juu ya beseni la kachori. Nikashuka, nikanyoosha shati, nikaanza kwa ustaarabu kabisa: “Ndugu zangu waheshimiwa...” Yaliyofuata siyakumbuki vizuri, ila nilisikia watu wakivuta astaghfirullah. Hatimaye wakalifungua tela, wakalisukuma kwa mikono, likaingia uani kama mkokoteni. Kachori nikalipa mimi, wakala wao.

Na kahawa nikawanunulia. Hivi kashata za siku hizi mmeziona? Nyembamba, ukiinua moja unamwona mwenzako upande wa pili. Namuuliza muuzaji, ananiambia sukari imepanda. Haya, iliposhuka mbona kashata hazikunenepa? Kanitazama tu, kagonganisha vikombe vyake, kaondoka.