Rubani asiye na kaburi: atafutwe au aachiwe bahari?

Chombo kisiporudi Sahare au Kigombe, wavuvi hutoka kumtafuta mwenzao kwanza. Swala ya ghaibu huja baadaye, watu wakishakata tamaa. Ndiyo maana nashangaa kusikia hapa hapa Tanga mtu akiuliza Wamarekani wanapata nini kwa kuwatafuta marubani waliozama vitani miaka 80 iliyopita.

Wanaouliza hivyo wana hoja. Uingereza haifungi safari kuwatafuta wake. Sheria yake ya 1986 inakataza kugusa mabaki ya ndege za kijeshi bila kibali, na majina ya wanahewa zaidi ya 20,000 wasio na kaburi yamechongwa kwenye kuta za jengo la kumbukumbu la Runnymede, huko huko Uingereza. Bahari ndiyo kaburi lao, basi. Marekani nayo inakiri kwamba kati ya askari wake zaidi ya 81,000 wa vita mbalimbali wasiojulikana walipo, kama 41,000 wanadhaniwa kuwa baharini. Wengi hawatapatikana.

Ila mtazame Antoine de Saint-Exupéry, rubani na mwandishi wa Kifaransa. Tarehe 31 Julai 1944 aliruka kutoka Corsica kwenda kupiga picha za maeneo ya adui, asirudi. Miaka 54 ikapita. Mwaka 1998 mvuvi mmoja karibu na Marseille akavuta wavu, ndani mkawa na bangili ya fedha yenye jina la rubani na la mkewe, Consuelo. Mabaki ya ndege yakaonekana mwaka 2000, na 2004 namba yake ikathibitisha kuwa ndiyo. Mwili haukupatikana.

Sasa Consuelo alikufa 1979. Mama yake rubani alikufa 1972. Bangili yenye jina la mke imetoka majini mke hayupo tena kuishika! Kila nikiifikiria naona uchungu. Sisi tunajua mke wa aliyepotea anavyokaa: si mjane, si mke, hajui eda aianze siku gani. Mwanamke huyo haombi mifupa. Anaomba habari, na habari haiji bila mtu kwenda kuitafuta. Mimi nasema watafutwe.

Hoja inayonigusa zaidi kwa upande wa pili ni ya kwetu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri, wakiwemo wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Mzungu anafuatwa hadi chini ya bahari, babu yetu hakuandikwa hata karatasini. Ni kweli, na inauma. Lakini dhuluma hiyo haiondoki kwa kumwacha rubani majini. Rubani ana faili, ana namba ya ndege na siku aliyoruka. Mpagazi amebaki kwenye vinywa vya wajukuu, na hao wanazikwa kila mwaka bila mtu kuwauliza babu yao aliitwa nani.