Sultani wa Usiku Mmoja

Mimi ni mrefu, nina ndevu, na sina kazi ya kudumu. Kwa sifa hizo nikapewa usultani wa usiku mmoja: nusu ya malipo mkononi, nusu baada ya shughuli.

Shughuli yenyewe ilikuwa Mtoni, kwenye magofu ya kasri la Seyyid Said, sultani wa zamani wa Oman na Zanzibar, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, ubavuni mwa matangi ya mafuta. Ndilo kasri kongwe kuliko yote kisiwani. Lilijengwa kati ya 1828 na 1834, na humo ndimo alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Moto wa 1914 uliliteketeza, zikabaki kuta bila ya paa. Sasa mwenye pesa zake hutandika meza humo ndani, akatundika taa za rangi, ikapigwa taarab wakati wa kula, na wazee wakishashiba dijei akaachiwa uwanja.

"Kazi nyepesi," mwenye shughuli akanambia. "Utavaa joho na kilemba, utapita mbele ya wageni kimya, kichwa umekiinamisha. Na uchechemee."

"Nichechemee?"

Kumbe bwana kasoma. Salme kaandika kwamba babake alikuwa na risasi pajani, aliyoipata vitani, ikawa anachechemea kidogo, na kwamba asubuhi na jioni akipenda kutembea peke yake kwenye baraza iliyokabili bahari, kainamisha kichwa. Haya. Ila paja la kulia au la kushoto? Hapo bwana akababaika, akanambia nichague mwenyewe.

Miongoni mwa wageni mlikuwa na ukoo kutoka Muscat, wa wale wenye asili ya Unguja, Kiswahili chao kitamu kuliko changu. Bibi yao kakaa kiti cha mbele kabisa, bakora mapajani, macho makali. Nikapita nachechemea mguu wa kulia. Ngoma ikanichanganya, na wakati wa kurudi nikachechemea wa kushoto.

"Njoo hapa, Sultani."

Sultani haamkii watu, lakini malezi ni malezi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Risasi imehama?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Bibi hakucheka. Akanigeuza, akanitazama kisogoni. "Na kilemba hiki nani kakufunga? Kimekaa kama bandeji. Tena ncha inaning'inia."

Ncha hiyo ndiyo iliyoniponza. Zama za Seyyid Said uani humo walikuwamo tausi, paa na mbuni. Siku hizi wapo mbuzi wa majirani, na hao hawangoji kualikwa.

Nilikuwa nimesimama kwenye tao la mlango, wageni wananipiga picha, nikahisi kichwa kinavutwa kwa nyuma. Nikadhani mtoto, nikavumilia kwa heshima ya cheo. Kikavutwa tena. Nikageuka polepole, kisultani. Mbuzi jike, mweupe, kishameza shubiri nzima ya kilemba cha kukodi, anatafuna na kunitazama usoni bila ya haya.

Nikavuta. Akavuta. Dijei, mwanaharamu yule, badala ya kuzima muziki akaupandisha. Mbuzi akashtuka, akatimua mbio katikati ya wachezaji na kitambaa mdomoni, kilemba kinafunguka kichwani mwangu mzingo baada ya mzingo, nami nazunguka nacho. Watalii wakapiga makofi, wakadhani imo kwenye ratiba. Kilipokwisha nikabaki kipara wazi. Nikalikunja joho mpaka mapajani, bukta yangu ya mpira ikaonekana na kila mtu, nikamfukuza mbuzi baina ya meza. Meza ya biriani nilivuka kwa kuruka.

Nyuma yangu bibi akapaza sauti: "Alhamdulillahi! Mguu umepona!"

Tulikipata kilemba nusu, chini ya mnazi, kimelowa mate. Mwenye shughuli akakata bei yake kwenye nusu yangu ya pili, ikabaki nauli ya daladala na kidogo cha juu. Asubuhi yake akaja mwenye mbuzi mlangoni kwangu, amekunja uso: mnyama wake kala kitambaa, akifa nani atamlipa?

Hakufa. Mwezi uliofuata palikuwa na shughuli nyingine pale pale, na nikasikia mwenye mbuzi kapigiwa simu, aje naye saa mbili usiku, malipo yote mkononi. Mimi sikupigiwa.