Tujenge kwanza pa kutua

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi jioni, nilisimama kwenye shimo la zamani la kifusi pembeni ya barabara ya kwenda Pongwe, hapa kwetu Tanga, nikiwaangalia vijana wa mtaani kwetu wakiruka na baiskeli. Walikuwa sita, baiskeli mbili. Tuta la kurukia wamelijenga wenyewe: mawe chini, udongo mwekundu juu, kipande cha ubao kwenye ncha. Tuta zuri, limeinuka taratibu, limeshindiliwa kwa miguu mpaka likang'aa. Lakini upande wa pili, pale baiskeli inapoangukia, hawakugusa kitu. Ni ardhi bapa, ngumu kama sakafu, imekanyagwa na malori miaka na miaka.

Aliyefuata alikuwa na baiskeli ya babu yake, Phoenix ya zamani, karia imetolewa, madigadi yametolewa, imebaki mifupa. Alikuja kwa kasi, akapaa vizuri kabisa. Nilisikia chuma kwanza, ndipo nikaona: foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imepinda kurudi nyuma mpaka tairi likagusa fremu, na kijana yuko chini. Viganja vyote viwili vimechunika, punje za mchanga zimezama kwenye nyama, na anajikaza asilie mbele ya wenzake.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake akashuka, akaung'oa ule ubao, akautupa mkongeni. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na wewe mtu mzima unawaangalia tu?"

Swali hilo sikulijibu pale. Limenikalisha siku nyingi, na jibu langu ni hili: mzee wangu, ulikuwa na haki ya kukasirika, lakini ulichokiondoa sicho kilichomuumiza mtoto. Tuta la kurukia halikuwa na kosa. Kilichokosekana ni pa kutua.

Nayasema haya kwa mwili wangu. Miaka sita iliyopita huko Lushoto nilishuka njia ya miguu ya ubavuni mwa mlima, nikafika kwenye ukingo wa mawe wenye kimo cha kifua changu. Ukingo wa namna hiyo, ambao baiskeli inaondoka na kudondoka bila tuta la kuirusha, sisi tunaopenda mchezo huu tunauita dropu. Nilikwenda bila kushika breki, mikono imenyooka, magurudumu yote mawili yakagusa chini pamoja. Kila nilichofundishwa nilikifanya. Nilitua kwenye bapa. Mfupa wa mtulinga ukakatika kama kijiti, na wiki nane sikuweza hata kuvaa shati mwenyewe. Wote walionijulia hali waliniambia nimeruka juu mno. Niliwaamini, mpaka nilipokaa na kalamu.

Hebu tuhesabu pamoja. Kitu kinachodondoka kutoka mita 1 kinafika chini kikiwa na mwendo wa kilomita 16 hivi kwa saa. Ukidondoka huku unakwenda mbele kwa kilomita 25 kwa saa na ukatua kwenye bapa, ile 16 yote inaishia hapo hapo, na anayeilipa ni foku, rimu, viwiko, magoti na mtulinga wako. Sasa chukua mruko ule ule, kimo kile kile, mwendo ule ule, lakini pale unapotua pawe na mteremko wa nyuzi 30. Baiskeli inakuja karibu sambamba na ardhi. Mwendo unaobaki wa kuigonga ardhi haufiki kilomita 2 kwa saa. Ni kama kushuka kwenye ngazi ya mlangoni.

Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu, maana mfupa wangu ungesalimika kwa toroli kadhaa za udongo.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Hii inayo. Wanaojenga njia za kuruka wameitafuta miaka mingi na wameipata. Mruko wa kujifunzia unajengwa kama meza: kati ya pa kurukia na pa kutua panajazwa udongo, juu pawe bapa. Mwenye mwendo mdogo anatua juu ya meza, anashuka salama, anajaribu tena. Pengo tupu katikati ni la waliokomaa, na hakuna mtoto anayepaswa kuanza nalo. Dropu nazo hupangwa kwa ngazi: ya kwanza kimo cha ukingo wa barabara, ya pili kimo cha goti, na hakuna anayefika ya tatu bila kuzipita zile mbili. Ukingoni mtu anafundishwa asishike breki, kwa sababu gurudumu la mbele likipunguza mwendo pale linazama na kumtanguliza yeye kichwa. Macho yanatazama pa kutua. Ni ufundi, una hatua zake, kama kupiga mbizi au kupanda mnazi.

Wapo wanaosema mchezo huu ni wa matajiri na baiskeli zao za mamilioni. Kweli, baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili hii ina shokapu mbele na nyuma zinazobonyea milimita 160 hadi 180, na breki za diski zinazokamata kwa kidole kimoja. Ila ulikozaliwa mchezo wenyewe wa baiskeli za mlimani siko huko. Mwaka 1976, California, vijana walianza kushindana kushuka mlima wakiwa na baiskeli nzito za zamani, gia moja, breki za kukanyaga kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi ndani ya hubu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, iliungua ikatoa moshi, na kila aliyefika chini ilimbidi afungue hubu apake grisi mpya. Njia ile ikapewa jina hilo hilo la kupaka upya, Repack. Nikisoma habari zao naiona Phoenix. Naiona Ngamiani ya hapa mjini Tanga, fundi ameketi chini ya mwarobaini, gurudumu limesimamishwa mbele yake, anaifunga spoki robo mzunguko, analizungusha, anakodoa jicho kwenye mpira wa breki kuona rimu inagusa wapi, anaifunga nyingine. Hana kipimo chochote zaidi ya jicho lake, na gurudumu linatoka limenyooka. Mji wenye mafundi wa namna hiyo kila kona hauwezi kuambiwa baiskeli si mambo yake.

Na hata huko juu kabisa kwenye mchezo, kazi kubwa ni ya chepe. Mashindano ya Red Bull Rampage, yaliyoanza mwaka 2001 kwenye majabali ya Utah, Marekani, yanawapa washiriki siku kadhaa za kuchimba kabla ya kuruka. Kila mmoja anakuja na wasaidizi wake, sururu na mifuko ya mchanga, na mashine haziruhusiwi. Wanawake waliingia na mashindano yao kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Watu wanatazama dakika chache za kupaa, mimi natazama siku zile za udongo. Wale mabingwa hawaamini miili yao peke yake. Wanajenga pa kutua, wanamwagia maji, wanashindilia, wanapima tena.

Mkoa wetu una kila kitu. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za barabara inayopanda karibu mita 1,000, na kutoka mjini Tanga tunafika Mombo asubuhi hiyo hiyo. Sizungumzii kuchimba ndani ya hifadhi. Misitu kama ya Amani ina mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani, na pale baiskeli haina la kujenga. Tena mlimani ukikata njia ovyo, unakosana na mvua. Masika yakiikuta njia imenyooka moja kwa moja kuteremka, mwaka ujao utakuta korongo. Wajenzi wanafuata kanuni ya nusu: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu inaoukata, ili maji yaivuke njia badala ya kuifuata. Mkulima wa Lushoto anayelima kwa makinga maji hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Ningependa siku moja tumlipe atufundishe.

Lakini tuanze hapa hapa chini, kwenye mashimo ya kifusi. Tayari yana kingo za mita 2 na 3, hayalimwi wala hayajengwi, na watoto wameshayachagua wenyewe. Ombi langu kwa halmashauri ni dogo: shimo moja tuandikiwe kwa barua, tulisafishe, tuweke kibao cha masharti. Helmeti iwe lazima kwa kila anayeruka, hata kama ni mbili zinazopokezanwa. Mtoto asiruke peke yake. Na lisiruhusiwe tuta lolote la kurukia ambalo pa kutua pake hapajakamilika. Kwa wazazi: mkiung'oa ubao leo, kesho watapata ubao mwingine, nanyi hamtajua wapi.

Jumamosi iliyopita tulirudi pale. Machepe matatu, sururu moja, toroli moja la kuazima. Ukuta wa shimo tuliukata tukipima kwa fimbo na kamba: kwa kila mita 1 ya kushuka, mita 1 na robo tatu ya kwenda mbele, ndiyo zile nyuzi 30. Tulitumia saa nne. Kijana wa viganja vilivyochunika alishindilia sehemu kubwa yeye mwenyewe, vitambaa vimefungwa mikononi. Foku ameshanyooshewa lakini fundi amemkataza kuruka nayo tena, na ni sahihi, chuma kilichopinda mara moja hakiaminiki. Nikampa baiskeli yangu na helmeti yangu.

Akaja kwa mwendo wa kawaida tu. Akapaa, baiskeli ikainamisha pua kuufuata mteremko, ikagusa, ikaendelea. Kilichosikika ni tairi kwenye udongo, kama mtu anayefuta ubao kwa kitambaa. Alisimama kule chini, akageuka kulitazama tuta.

"Kaka, mbona sijasikia kutua?"

Jumamosi hii tunaanza saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Meza haijajazwa katikati, na toroli moja halitoshi. Mwenye la pili aje nalo.